Hukumu ya Dhahiri: Mbegu, Damu na Sura ya Chembe

Miongoni mwa masuala ambayo watu wa fikra wameyabishania tangu zama za kale, na ambayo hayajapata jawabu la kuwaridhisha wote, ni hili la uhusiano baina ya dhahiri ya kitu na batini yake: kwamba ikiwa sura ya nje imebadilika, je, kitu chenyewe kimebadilika, au kimebaki vile vile kilivyoumbwa na kilichogeuka ni sifa iliyo juu yake tu? Wako washikiliao kuwa dhahiri huficha, na kwamba kazi ya mwenye hekima ni kuipita ili aifikie dhati iliyo chini yake. Na wako washikiliao kuwa dhahiri hufichua, na kwamba hakuna kombo la nje lisilozaliwa na kombo la ndani. Katika mazungumzo ya barazani watu huishika rai ya kwanza wanapojitetea wenyewe na rai ya pili wanapowahukumu majirani, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia shaka juu ya rai zote mbili.

Wanazuoni wa fikihi, ambao hawakuwa na nafasi ya kungoja mpaka wanafalsafa wapatane, maana wadai na wadaiwa walikuwa wamekwisha kaa mlangoni, walikata shauri kwamba kadhi ahukumu kwa yaliyo dhahiri, na siri za nyoyo aachiwe Mwenyezi Mungu. Imezoeleka kuifasiri kanuni hii kuwa ni ungamo la udhaifu: laiti kadhi angejaliwa kuiona batini, angeiacha dhahiri siku hiyo hiyo. Mimi naiona vingine. Nadhani kanuni hiyo imeigusa hali ya ulimwengu wenyewe zaidi kuliko upungufu wa macho yetu. Na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo mafakihi hawakuwa na sababu ya kuutafuta, yaani katika mbegu za mimea, na katika yale zinayoyatenda zikikutanishwa na damu.

Mbarika humea kwetu pwani kando ya njia na penye majaa, wala hauhitaji mtu wa kuupalilia, na mafuta yake wengi wetu tuliyanywa utotoni kwa kushikwa pua. Katika mwaka wa 1888, kwenye chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo umo katika nchi ya Estonia na huitwa Tartu, mwanafunzi wa utabibu aitwaye Peter Hermann Stillmark, chini ya uongozi wa mwalimu wake Rudolf Kobert, alikuwa akiichunguza sumu kali iliyomo katika mbegu za mti huo, sumu isiyoingia katika mafuta yakishatengenezwa sawasawa. Alipoitoa protini ya mbegu na kuichanganya na damu, aliona chembe nyekundu zikikamatana na kufanya madonge. Yafaa msomaji alitenge jambo hili na kule kuganda kwa damu ya jerahani, ambako majimaji ya damu yenyewe hufuma nyuzi; maana hapa majimaji yaweza kuondolewa yote, chembe zikaoshwa kwa maji ya chumvi hata pasibaki kitu ila zenyewe, na bado protini ya mbegu ikizifikia zitakamatana.

Atakaye kuliona kwa macho yake hana haja ya chombo cha fahari. Tone la chembe zilizooshwa huwekwa juu ya kipande cha kioo, likaongezwa tone la maji ya mbegu, na kioo kikainamishwa polepole, mara upande huu, mara upande ule, juu ya mwanga wa taa. Kwanza wekundu ni mmoja, laini, usio na doa. Kisha ukingoni mwa tone huanza ukungu wa vidoa vyembamba ambavyo mtu huvidhania ni vumbi la kioo. Vidoa vikawa punje. Na baada ya dakika chache maji yametakata, na ndani yake yanaelea madonge mekundu ambayo hayatawanyiki hata ukiyatikisa. Lakini ukichukua damu ya mnyama mwingine, au mbegu ya mti mwingine, huenda wekundu ukabaki laini vile vile mpaka mkono uchoke kuinamisha. Kwa nini hii na si ile? Hilo ndilo swali lililozaa elimu nzima, na protini za namna hiyo sasa huitwa lektini.

Sitaisimulia tarikhi yote. Paul Ehrlich alizitumia sumu za mbegu za namna hii kuwafundishia panya kinga katika mwaka wa 1891, akaona kwamba panya aliyezoeshwa sumu ya mbegu moja hakusalimika na sumu ya nyingine. Na hayo yaliingia katika misingi ya elimu ya kinga. Linalotuhusu sisi zaidi lilitokea mwaka wa 1936 huko Cornell, Marekani, ambako James Sumner, mtu aliyepoteza mkono mmoja katika ajali ya uwindaji naye angali kijana, pamoja na mwenzake Howell, walionyesha kwamba protini waliyoitoa katika maharagwe ya Canavalia ensiformis hukamatanisha chembe, na kwamba ukiongeza sukari ya miwa katika mchanganyiko kukamatana huko huzuilika. Jambo dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna ufunguo: ikiwa sukari iliyo huru majini yaweza kuishughulisha mikono ya protini hata isizishike chembe, basi kile ilichokuwa ikikishika juu ya chembe nacho ni sukari.

Na kweli ndivyo. Kila chembe hai ya miili yetu imevikwa kwa nje msitu mwembamba wa minyororo ya sukari, iliyopandwa juu ya protini na mafuta ya utando wake. Na lektini, kwa kuwa ina mikono miwili au minne, huishika sukari ya chembe hii kwa mkono mmoja na sukari ya chembe ile kwa mkono mwingine, na hapo chembe mbili zisizokuwa na habari moja na nyingine hufungwa pamoja. Mwaka wa 1945 William Boyd wa Boston alimtuma msaidizi wake dukani akanunue fiwi kavu, fiwi hizi hizi tuzipikazo kwa nazi, naye akaona kwamba maji yake hukamatanisha damu ya watu wa kundi A na kuiacha salama damu ya kundi B na ya kundi O. Na Renkonen huko Helsinki, pasipo kusikilizana naye, aliyatangaza mambo ya namna hiyo hiyo katika mwaka wa 1948. Fikiri, ewe msomaji: mmea usiopata kuwa na haja na damu ya mwanadamu una ndani ya punje yake kitu cha kuwabagua wana wa Adamu kwa nasaba za damu zao, upambanuzi ambao tabibu aliujua baada ya kazi ya Karl Landsteiner ya mwaka wa 1901 tu.

Basi tofauti hiyo ya makundi ni nini, hata ikawa mtu aliyetiwa damu isiyo yake aweza kufa? Walter Morgan na Winifred Watkins, waliofanya kazi London, walitumia lektini hizi na sukari mbalimbali kulitafuta jawabu, na jawabu lenyewe linashangaza kwa uchache wake. Mwenye kundi O mnyororo wake unaishia penye sukari iitwayo fukosi. Mwenye B ameongezewa galaktosi moja nchani. Mwenye A ameongezewa sukari iliyo ndugu wa galaktosi, yenye kipande kidogo cha asetili. Hayo tu. Ndani ya chembe hizo mna himoglobini ile ile, kazi ile ile ya kubeba pumzi, umri ule ule wa siku zipatazo 120. Mwanazuoni wa ilmu ya kalam, aliyezoea kugawanya vitu kwa johari, yaani dhati ya kitu, na aradhi, yaani sifa iliyo juu yake, angesema mara moja kuwa sukari hiyo ya nchani ni aradhi tupu, kwa kuwa yaweza kuondoka na chembe ikabaki chembe. Na hilo limethibitishwa hasa, maana mwaka wa 1982 Jack Goldstein na wenzake wa New York walichukua kimeng'enya kutoka katika buni mbichi, wakakata galaktosi za chembe za kundi B, chembe hizo zikawa za kundi O, wakazitia katika miili ya watu wa makundi mengine, nazo zikaishi humo kama kawaida. Aradhi, naam. Lakini ni aradhi ambayo juu yake uhai na mauti ya mgonjwa vinategemea, na wafiwa hawatafarijika kwa kuambiwa kwamba johari ilikuwa moja.

Wapo tena watu wengine katika kisa hiki, nao walijulikana Bombay mwaka wa 1952, mji ambao jahazi zetu ziliufahamu kabla ya matabibu wa Ulaya. Palipatikana watu ambao damu yao kwa vipimo vya kawaida ni O, lakini wakipewa damu ya O huikataa; kwa sababu hawana hata ile fukosi ambayo wengine wote wanayo, na miili yao huiona kuwa kitu kigeni. Lektini ya mti wa Ulex europaeus, ambayo huzikamatanisha chembe za O, huziacha zao kana kwamba hazikuwapo. Watu hawa nimewataja kwa makusudi. Sisi wengine tulidhani O ni utupu, yaani ni mahali ambapo hapana alama. Kumbe O nayo ni alama, na hatukuijua kuwa ni alama mpaka alipotokea asiyekuwa nayo.

Sasa turejee kwa wale wasemao kuwa dhahiri huficha. Wana hoja nzuri katika elimu hii, pengine nzuri kuliko wajuavyo. Ncha za minyororo mingi ya sukari zimefunikwa na asidi ya siali, kitu chenye umeme hasi ambacho huzifanya chembe nyekundu zisukumane zisigusane kwa urahisi zinapopita kwenye mishipa myembamba. Mwaka wa 1927 Oluf Thomsen huko Copenhagen alieleza juu ya damu iliyoingiwa na bakteria katika chupa, ikawa yakamatanishwa na maji ya damu ya takribani kila mtu mzima, liwe kundi lake ni lipi. Na mwenzake Friedenreich akabainisha kwamba bakteria walikuwa wametoa kimeng'enya kilichokwangua ngozi ya chembe na kukidhihirisha kitu kilichokuwa chini yake siku zote. Baadaye, mwaka wa 1964, mtafiti aitwaye Bird alionyesha kuwa njugu nyasa ina lektini inayokishika kitu hicho hicho: chembe nzima ya mwanadamu haiigusi, lakini ukiiondolea asidi ya siali madonge hutokea papo hapo. Basi kila mmoja wetu amebeba chini ya asidi hiyo alama iliyofichwa, na takribani kila mtu mzima amebeba katika maji ya damu yake uadui dhidi ya alama hiyo hiyo. Sijui kama mshairi yeyote wa tasawufi aliwahi kuisema hali ya nafsi kwa ukali zaidi ya huu.

Walakini hoja hii, ikifuatwa mpaka mwisho, humgeukia mwenyewe. Umeikwangua asidi ya siali, umeikuta galaktosi. Je, umefika batini? Iondoe galaktosi kwa kimeng'enya kingine, nawe utakuta sukari nyingine, nayo ina lektini yake iliyoingojea. Iondoe hiyo, utakuta protini, na protini nayo ina uso. Kila ulichokifunua kilikuwa dhahiri mara tu ulipokifunua, maana kingelikuwa si dhahiri kisingelishikika. Fauka ya hayo, mwili wenyewe haukitendei kilichofunuliwa kama ukweli uliopatikana. Hukitendea kama jambo jipya. Gilbert Ashwell na Anatol Morell, walipozikata asidi za siali za protini moja ya damu iitwayo seruloplasmini na kuirudisha katika mwili wa mnyama, waliona kuwa ini limeifagia yote katika muda wa dakika, ilhali ndugu yake ambayo haikukatwa ilizunguka kwa siku nyingi; na kile ambacho ini lilitumia kuitambua kilikuwa nacho ni lektini, kwani mwaka wa 1974 ilionyeshwa kuwa chaweza kukamatanisha chembe nyekundu kama ifanyavyo mbegu. Protini ile haikuwa imefichua siri yake. Ilikuwa imepata dhahiri nyingine, na kwa dhahiri hiyo ikahukumiwa.

Wale wa rai ya pili, wasemao kuwa dhahiri hufichua, walipata siku yao ya furaha katika miaka ya sitini, na kisa chao nitakikalia kidogo kwa kuwa ndicho kiini cha habari yote. Huko Boston, Joseph Aub alikuwa akijaribu kimeng'enya kilichotolewa katika kiini cha ngano juu ya chembe za saratani, akaona kwamba chembe hizo hukamatana ilhali chembe za siha hazikamatani, au hukamatana kwa uchache sana. Ikabainika kwamba kazi haikuwa ya kimeng'enya. Ni lektini iliyojipenyeza humo. Max Burger na Goldberg wakaitenga mwaka wa 1967. Miaka miwili baadaye Inbar na Sachs huko Rehovot wakaona jambo hilo hilo kwa protini ile ya Sumner: chembe zilizogeuzwa na virusi kuwa za saratani zakamatana, mama zao waliozizaa hawakamatani. Nani asingefurahi? Maradhi ya batini, yaliyojificha ndani ya kiini cha chembe, yalikuwa yameandika jina lake juu ya ngozi, na punje ya ngano ilijua kulisoma.

Kisha Burger akafanya jaribio ambalo mimi naliona kuwa lafaa kufundishwa hata madrasa ya mantiki. Alichukua chembe za siha, akaziweka kwa muda mfupi pamoja na tripsini, kimeng'enya cha kuyeyusha protini, kiasi cha kukwangua ngozi bila ya kuua. Chembe zile za siha, ambazo batini yake haikuguswa, zilikamatana kama zile za saratani. Maelezo yaliyokuja akilini mwa kila mtu yalikuwa kwamba vishikio vya sukari vilikuwa vimefunikwa, na kwamba maradhi huvifunua kama tripsini ivifunuavyo. Lakini mwaka wa 1971 watafiti kadhaa walizitia lektini alama za mionzi na kuhesabu ngapi zimeshikwa na kila chembe, wakakuta kuwa ya siha na ya saratani hushika kiasi kinachokaribiana. Vishikio vilikuwapo vyote, wazi vyote. Lektini ilikuwa imeishika chembe ya siha barabara. Ila madonge hayakutokea.

Tofauti ikatafutwa kwingine, na Garth Nicolson akaiona kwa hadubini ya elektroni: juu ya chembe za siha vishikio vimetawanyika huku na huku, na juu ya chembe zilizogeuka hujikusanya makundi makundi baada ya lektini kufika. Mwaka wa 1972 yeye na Singer wakaeleza kwamba utando wa chembe ni mafuta majimaji ambamo protini huelea na kusogea. Mfano wake ni vyombo bandarini: bandari mbili zina idadi moja ya ngalawa, katika moja kila ngalawa imetia nanga mahali pake, na katika nyingine nanga zimelegezwa, hata upepo ukivuma zote husongamana kwenye gati moja; atakayehesabu milingoti hataona tofauti. Chembe ya siha huzishikilia protini zake kwa nyuzi zilizo chini ya utando, na ile iliyogeuka imezilegeza. Madonge basi hayakuwa habari ya kilichomo juu ya ngozi. Yalikuwa habari ya uhuru wa kwenda, na uhuru huo ulihusu ngozi na kilichomo chini yake kwa pamoja, hata hukuweza tena kusema hapa ndipo dhahiri ilipokoma na batini ilipoanzia.

Na kana kwamba hayo hayakutosha kuwavunja moyo waliodhani wamepata alama ya uovu, ilionekana kuwa chembe za siha kabisa, katika ule muda mfupi zinapogawanyika mbili, nazo hukamatana. Na chembe za kiumbe kingali tumboni, zilizo safi kuliko zote, nazo hukamatana. Alama iliyodhaniwa kuwa ya saratani ilikuwa alama ya chembe iliyo katika mwendo na ukuaji, na saratani ilikuwa imeiazima. Ni mara ngapi katika jamii zetu tumemwona kijana ana alama za ukuaji tukazisoma kuwa alama za upotovu!

Burger na Noonan walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1970 waliikata protini ya Sumner hata ikabaki na mkono mmoja mmoja, yaani yaweza kushika lakini haiwezi kuunganisha, wakazifunika kwayo chembe zilizogeuka. Wakaripoti kwamba chembe hizo, zilizozoea kukua zikipandana bila ya mpaka, zilianza kuheshimu majirani zao kama zile za siha. Jaribio hili lilizua mjadala mrefu, wala silifanyi kuwa nguzo ya maneno yangu. Nalitaja kwa sababu linamkumbusha msomaji kauli ya Imamu Ghazali katika Ihya, kwamba matendo ya viungo vya nje huacha athari moyoni, hata mwenye kutaka kuwa mwandishi wa hati nzuri huanza kwa kuulazimisha mkono wake uige hati nzuri mpaka wema wa hati ukawa tabia ya nafsi yake. Njia baina ya nje na ndani, kwa Ghazali, hupitika kwa pande zote mbili. Aliyekaa kwenye meza ya maabara asingempinga.

Nimefika mahali pa kusema nionavyo. Kukamatana si sifa ya chembe peke yake. Wala si sifa ya lektini peke yake. Ni nisba baina ya viwili hivyo katika hali fulani. Badilisha sukari ya nchani, nisba imebadilika. Legeza nyuzi za chini, imebadilika. Ipunguzie lektini mikono, imebadilika, ingawa chembe ni ile ile. Tia sukari ya miwa majini, au shusha joto mpaka nyuzi 4, mafuta ya utando yakawa mazito, na madonge ya protini ya Sumner yatapungua sana, ingawa chembe ni ile ile na lektini ni ile ile. Hata maharagwe mekundu yaliyomo chunguni yanaifuata kanuni hii, maana lektini yake humtapisha mtu akiyala mabichi au yaliyopashwa moto kidogo tu, na mchemko wa nguvu wa dakika kumi huiondolea sura yake na kwa hivyo kazi yake. Mama zetu walikwisha lijua hilo bila ya kitabu.

Atasema mtu kuwa kwa maneno hayo nimeivunja hakika yote, nikakiacha kila kitu kiwe kama kitazamwavyo. La. Nisba ni jambo la kweli kama mwamba ulivyo wa kweli. Mgonjwa aliyetiwa damu isiyo yake hafi kwa dhana. Ninachokikataa ni ule ushawishi wa kudhani kwamba nyuma ya nisba zote iko dhati moja tupu, isiyogusana na chochote, ambayo lau tungeiona tungeachana na haja ya hukumu. Dhati ya namna hiyo, ikiwa iko, anaijua aliyeiumba. Kwa sisi, kujua kitu ni kugusana nacho, na palipo na kugusana pana pande mbili, kwa hivyo kila hukumu yetu ina sehemu iliyotoka kwa mwenye kuhukumu.

Hapo ndipo nionapo kuwa mafakihi waliona mbali. Inapokewa katika hadithi kwamba Usama bin Zaid alimuua vitani mtu aliyekwisha tamka shahada, akajitetea kwa Mtume kwamba mtu yule aliitamka kwa kuogopa silaha tu, naye akaulizwa kama aliupasua moyo wake hata akajua. Tumezoea kulisikia swali hilo kama karipio kwa mtu aliyejidai kuona asichokiona. Lakini nasikia ndani yake jambo jingine pia: Usama hakukosa kwa kuhukumu kwa dhahiri, alikosa kwa kuiacha dhahiri iliyokuwa mbele yake na kutunga batini kutokana na silaha yake mwenyewe, kwa maana woga aliousoma katika moyo wa mtu yule ni yeye aliyeuleta pale. Mkono wa mwenye kuhukumu ulikuwa umeingia katika ushahidi, naye hakuuhesabu.

Watu wa benki ya damu, bila ya kusoma fikihi, wamejiwekea adabu iliyo karibu sana na hiyo. Hawatosheki kuzijaribu chembe peke yake. Huchukua pia maji ya damu ya mtu yule yule, wakayajaribu juu ya chembe za A na za B zinazojulikana, maana mwenye A ana katika maji ya damu yake kingamwili dhidi ya B, na mwenye B dhidi ya A. Mashahidi wawili, kila mmoja ameulizwa peke yake. Na wasipopatana, hukumu husimamishwa mpaka sababu ijulikane. Hutokea mgonjwa wa matumbo, aghalabu mwenye saratani ya utumbo mkubwa au maambukizo humo, ambaye maisha yake yote amekuwa wa kundi A, na siku moja chembe zake zikajibu kuwa za AB. Bakteria waliovuka kutoka utumboni wana kimeng'enya cha kunyofoa kile kipande cha asetili katika sukari ya A, na kikinyofolewa sukari hiyo hufanana na galaktosi ya B kiasi cha kuweza kuipotosha dawa ya kupimia. Shahidi wa kwanza hakusema uongo; ngozi ya chembe kweli imebadilika. Lakini maji ya damu yangali na kingamwili dhidi ya B, kama yalivyokuwa siku zote. Na kingamwili hiyo ya mgonjwa mwenyewe, ikikutanishwa na chembe zake zenye hiyo B ya kuazima, haizikamatanishi. Tabibu mwangalifu humpa damu ya kundi A, akaushughulikia utumbo. Na ugonjwa ukiondoka, chembe zinazozaliwa baadaye hupimwa zikaonekana za A.